Mwandiko wa Nedra

Barua ya ofisi ya mji ilinifika mwezi wa nne. Niliisoma mara tatu, maana mimi husoma polepole, na mara ya tatu ndipo nikaamini. Ilisema kila jiwe la kaburi lililoinama, au lililoingia weusi hata jina halisomeki, liwe limeshughulikiwa kabla ya Siku ya Kumbukumbu ya Wanajeshi, mwishoni mwa mwezi wa tano. Lisiposhughulikiwa litang'olewa na kulazwa nyuma ya banda la makaburini. Atakayetaka kuweka jingine aweke la graniti, la kipimo chao, lenye herufi za mashine.

Jiwe la mke wangu Nedra lilikuwa limeingia weusi. Liko chini ya mwerezi, na mwerezi hudondosha maji machafu mwaka mzima. Miaka ya kwanza nilikuwa nikilisugua mwenyewe. Kisha mgongo ukakataa, magoti yakakataa, na kifua nilishakiacha machimboni zamani.

Nifafanue habari ya jiwe hilo, kwa sababu wengine hudhani jiwe ni jiwe tu.

Nilifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa miaka thelathini na moja. Nilikuwa mtu wa msumeno wa kukatia mawe. Wachongaji walikuwa watu wengine, wenye kofia safi. Mahakama ya mji huu, benki, shule ya sekondari, hata ngazi za kanisa, vyote vimetoka kwenye shimo lile lililojaa maji sasa. Na huku kwetu mtu wa machimbo hanunui jiwe la kaburi la mkewe. Hulichonga mwenyewe, hata kama hajui, na wenzake huja kuangalia na kumcheka kidogo.

Nedra alipojua kwamba hatavuka majira ya baridi, aliniambia nilete karatasi kubwa. Akaandika jina lake kwa mkono wake, na mwaka aliozaliwa, na chini yake maneno aliyonipigia kelele kila jioni kwa miaka arobaini: Futa viatu, Delmas. Alicheka mpaka akakohoa. Alipokufa niliibandika karatasi ile juu ya jiwe, nikafuata wino kwa tindo, mstari kwa mstari. Mwandiko wake ulikuwa mwembamba, nami niliogopa kuuvunja, kwa hiyo sikuzama zaidi ya unene wa ukucha. Karatasi ikaisha pamoja na vumbi. Kisha nikaongeza mwaka wa kufa kwa mkono wangu mimi, na huo niliuchimba kwa hasira, ukaingia ndani kama shimo la nguzo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika vizuri, mezani jikoni, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Na mimi, majira yale ya kwanza ya upweke, nilichoma kila kitu chake. Barua, daftari za mapishi, kalenda. Sikutaka kuviona. Nilipopata akili, mwandiko wake ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani.

Basi nikaenda ofisini. Msimamizi wa makaburi anaitwa Randall Kesler. Baba yake alisimama kwenye msumeno wa pili kutoka wangu, mtu wa maana kabisa, lakini mtoto alisomeshwa mbali na vumbi na vumbi likamsahau. Nilimwambia nipewe mpaka mwezi wa tisa, mwanangu atakuja likizo. Akasema sheria haichagui mtu. Akaniandikia namba ya simu.

"Piga sekondari, mzee. Wana klabu ya kujitolea. Watoto wale wanatafuta saa kama kuku anavyotafuta punje."

Huku watoto hawamalizi shule bila kuonyesha wamejitolea saa arobaini, na kila saa isainiwe na aliyesaidiwa. Watu wa juu wamefika mahali hata wema wanaupimia saa. Sikuwahi kumwomba mtu kitu, lakini nilipiga.

Alikuja binti mmoja, kiongozi wa klabu, Brenna Wampler, miaka kumi na saba, soksi hazifanani. Nilimpeleka makaburini kwa pikapu. Nilitarajia atazame simu yake kama wenzake. Akachuchumaa mbele ya jiwe, akaanza kutoa ukungu kwa kidole taratibu mpaka maneno yakajitokeza. Akayasoma.

"Delmas ndiye wewe?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Na unafuta?"

"Tangu afe sijafuta hata siku moja."

Akacheka, nami nikamsimulia habari yote, karatasi, tindo na nilivyochoma vitu. Sijui kwa nini nilimsimulia. Mwanangu mwenyewe hajui kwamba nilichoma.

Nilimfundisha kazi. Maji matupu, ndoo mbili. Brashi ya nywele laini. Anza chini upande juu, usianze juu, maana uchafu ukitiririka kwenye jiwe kavu huacha michirizi. Usiharakishe. Chokaa ni jiwe laini, ukilichokoza linakufuata mkononi. Aliandika yote.

Kisha akatoa kwenye begi lake karatasi nyembamba na kipande cha mkaa. Mwalimu wao wa sanaa alikuwa amewafundisha: unaweka karatasi juu ya maandishi, unasugua kwa mkaa, yanatokea vilevile yalivyo.

"Nikutolee nakala, mzee? Dakika tano tu. Ukae nayo nyumbani."

Nilimjibu kama mtu wa machimbo anavyojibu. Nilimwambia karatasi huoza, binti, jiwe ndilo hukaa. Akairudisha karatasi kwenye begi. Hakunilazimisha. Laiti angekuwa mtoto asiye na adabu.

Siku ikapangwa, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano. Ingekuwa klabu peke yake, wale watoto kumi na wawili na ndoo zao, mambo yangekwenda. Lakini ofisi ya mji ilisikia, na ofisi ikisikia jambo jema lazima ije kusimama mbele yake. Nilipofika saa tatu asubuhi nilikuta kamba imefungwa kuzunguka makaburi. Kesler amevaa buti mpya. Mpiga picha wa gazeti yupo. Watoto wamevalishwa fulana za rangi moja. Brenna hayupo kwenye makaburi, amepelekwa kupaka lango rangi ya kijani, kwa sababu kiongozi wa klabu alitakiwa kwenye picha na lango lilitakiwa kwenye picha.

Nikainua kamba nipite. Kesler akanizuia kifuani kwa mkono, kwa upole, kama unavyozuia ng'ombe mzee. Akaeleza kwamba ni mambo ya bima. Asiyesaini fomu haingii, nikianguka mji utashtakiwa. Akanipa fomu. Kurasa nne, herufi kama mbegu za haradali.

"Watoto wote wamesaini, mzee. Weka jina tu hapo mwisho."

Najua mtakachosema. Ningeweza kuweka jina. Ningeweza kumwita Brenna anisomee, alikuwa hatua hamsini. Lakini niliwahi kuweka jina tu hapo mwisho, mwaka kampuni ilipofunga machimbo. Karatasi ile ilikuwa inasema kwamba kifua changu ni shauri langu mwenyewe, na nilikuja kuyajua hayo nilipokwisha kukohoa damu. Tangu siku hiyo sisaini nisichokisoma. Na kumwomba mtoto wa shule anisomee mbele ya Kesler, hapana, hilo nililiona kubwa. Nikarudi kwenye pikapu, nikafunga mlango, nikaanza ukurasa wa kwanza kwa kidole.

Nilikuwa ukurasa wa tatu harufu iliponifikia.

Yeyote aliyefanya kazi kwenye chokaa anaijua. Inauma pua, kisha inakuja sauti, kama mafuta ya moto yanapopokea kitu kibichi. Machimboni kwetu kibarua wa siku ya kwanza alikuwa anaambiwa neno moja kabla hajaonyeshwa choo kilipo: tindikali isikaribie jiwe. Jiwe la chokaa likiguswa na tindikali halisafiki, linaliwa. Mji huu mzima umejengwa kwa jiwe hilo, na siku hiyo hapakuwa na mtu mzima ndani ya kamba aliyejua hivyo.

Sikumbuki nilivyopita kamba. Nakumbuka kijana mmoja mnene, Colby, uso mwekundu kwa furaha, dumu mkononi. Mwenzake ameshika bomba la mashine ya maji ya kasi, ile ya kuoshea magari ya taka.

"Babu, njoo uone," akaniambia, "uchafu unachemka wenyewe."

Povu lilikuwa linashuka juu ya jiwe la Nedra kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Nikamwambia mimina maji, akadhani namhimiza. Yule mwenzake akafungulia bomba, na maji yakapiga pale povu lilipolainisha, yakachukua kilichobaki. Nilipowahi kulishika lile bomba jiwe lilikuwa jeupe kama jino la mtoto.

Nikapitisha vidole. Mtu wa chokaa husoma kwa vidole vizuri kuliko kwa macho. Palikuwa na mabonde madogo, kama mchanga upepo ukishapita. Nilitafuta jina. Nilitafuta viatu. Nikaupata mwaka wa kufa, umekaa palepale, kingo zimelika kidogo tu.

Tindikali ilikuwa imebaki walipoosha matofali ya kituo kipya cha zimamoto. Kesler ndiye aliyeileta kwenye gari lake ili kazi iishe kabla mpiga picha hajaondoka. Nilipomwuliza, alinitazama kama mtu aliyeletewa deni la jirani.

"Matofali yalipendeza sana," akasema.

Brenna alikuja mbio, mikono ya kijani mpaka viwiko. Aliliona jiwe kabla hajaniona mimi. Akamgeukia Kesler.

"Nilikuandikia. Maji na brashi laini, nilikuandikia, nikakupa mkononi."

Kesler akajipapasa mfuko wa shati, na kweli karatasi ilikuwamo, imekunjwa vizuri, haijafunguliwa. Akasema asubuhi ile ilikuwa na mambo mengi. Halafu akainama, akalitazama jiwe kwa makini, na kusema limetakata kuliko yote, shida ni kwamba sasa halisomeki.

Colby alikaa chini kwenye nyasi akaanza kulia, jitu zima lile. Sikumgombeza. Ukimpa mtoto dumu ukamwambia mimina, atamimina. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Kesler lakini kifua kilifunga, ikawa yeye ndiye aliyenishika mkono nisianguke, na mpiga picha akapiga picha. Ilitoka gazetini Jumatatu, mimi na Kesler tumeshikana mikono. Chini waliandika kwamba vijana wetu wanawaenzi waliotutangulia.

Siku ya Kumbukumbu ya Wanajeshi ikapita, bendera zikapepea. Siku iliyofuata walikuja kuling'oa. Sheria ni sheria, jina halisomeki. Wamelilaza nyuma ya banda, kifudifudi, katikati ya mashine mbili mbovu za kukatia nyasi. Nilikwenda kulitazama. Mtu mmoja hawezi kuligeuza.

Alhamisi Brenna alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni akafuta viatu, kushoto, kulia, kisha akaingia. Nilimwona.

Alisema klabu imekaa kikao. Watauza keki, wataosha magari, watanunua jiwe la graniti. Nilimshukuru, nikamwambia hapana. Mashine ina mwandiko wa mashine. Akauliza kama kuna kitu chochote, hata orodha ya dukani, hata bahasha, alichoandika Nedra, wapeleke kwa mchongaji wa kweli. Tukatafuta pamoja saa nzima, kwenye droo, nyuma ya kabati, ndani ya makopo ya stoo. Nilikuwa nimechoma vizuri. Mimi kazi nikiianza huimaliza.

Mwisho akatoa fomu yake ya saa, kwa aibu, akaiweka mezani kisha akaichukua tena, akasema asingeileta ila Ijumaa ndiyo siku ya mwisho na asipopata saa nne hizo hatavaa joho na wenzake. Aliyesaidiwa anatakiwa kujibu swali moja: kazi iliyoombwa imekamilika?

Niliisoma yote, kwa kidole, mbele yake. Sikuona aibu tena. Alisubiri bila kunisaidia.

"Imekamilika," nikamwambia, nikasaini.

Alilia akaniaga. Alipofika mlangoni akarudi, akatoa kwenye begi karatasi ile nyembamba. Jumamosi ile, wengine walipokuwa wanapanda basi, alirudi kwenye jiwe akaisugua kwa mkaa. Alisema hajui kama nitaitaka.

Nimeibandika jikoni, juu ya meza ambapo Nedra alinifundisha kuandika. Ni kijivu tupu kutoka juu mpaka karibu na chini, kama dirisha lenye ukungu. Usiku mwingine huchukua penseli nikajaribu kuandika juu yake vile alivyoandika yeye. Naukumbuka mwandiko, nauona kabisa, lakini mkono unatoa wangu. Nafuta. Karatasi imeanza kuchanika kwa kufutwa.

Kinachosomeka, pale chini, ni mwaka aliokufa. Huo unasomeka vizuri.