Kafi Lililovaa Kitambaa

Florentin alipoona kafi la mdogo wake limezungushiwa kitambaa shingoni, alicheka mpaka akashika kiuno.

“Mado, kafi yako iko na homa? Unaifunika juu ya baridi?”

Mado alicheka naye, maana kaka mkubwa akikutania baada ya kupotea miaka ishirini na mitano, unacheka tu. Moyoni hakukuwa na kicheko. Florentin alikuwa amerudi kwa wiki moja, na ndani ya wiki hiyo alitakiwa kutoa neno: kivuko cha marehemu baba yao, hapa ukingoni mwa ziwa la baraji, kibaki mikononi mwa Mado, au apewe binamu yao Alain. Alain alikuwa amekwisha kununua mtumbwi wa mashini huko Kindu, ili watembezi wa Jumapili wazungushwe haraka haraka kwa kelele na moshi. Mkubwa wa familia ndiye husema, na mkubwa huyu tangu afike alikuwa akiisifu ile mashini kila anapokula.

Ziwa lenyewe ni tamu kulitazama. Zamani Wazungu wa madini waliuziba mto kwa ukuta, ndiyo baraji yenyewe, wapate umeme, maji yakapanda yakafunika msitu. Mpaka leo miti iliyokufa imesimama majini, myeupe, na kila mti una mwenyewe: huyu mnandi anaanika mabawa, yule tai mwenye kichwa cheupe, kule yangeyange wamejazana hadi tawi linainama. Ukishawaona hivyo, nani anataka kurudi mjini kula vumbi? Kila Jumapili baada ya misa watu hupanda pikipiki saa mbili nzima, sufuria za sombe ya majani ya muhogo na samaki zimefungwa nyuma, waje kuogelea, kula, na kuwatazama viboko.

Jumapili hiyo abiria alikuwa mmoja, Mama Kavuo, mtu wa Butembo mwenye duka la vitenge Kindu. Dukani haishi kusema. Ziwani tu ndipo hunyamaza, ndiyo maana anakuja. Aliketi katikati. Florentin akakaa mbele na kafi la marehemu baba, Mado akakaa nyuma akiongoza.

Kafi la Mado liliingia majini na kutoka bila mlio wowote. Mdiria alibaki juu ya kijiti chake mpaka wangeweza kumgusa mkia. Mama Kavuo alifungua mdomo, akaufunga tena.

Mbele yao, kwenye njia nyembamba kati ya miti iliyokufa na kisiwa kidogo, vilitokeza vichwa saba vya viboko. Katikati alikuwa jike mzee, sikio lake moja limechanika.

Florentin alikaa wima. Baba yao hakuwahi kuwakaribia viboko bila kugonga ubavu wa mtumbwi mara tatu, kuwaarifu wenye maji kwamba wageni wanakuja, wasishtuke. Ndivyo alivyowafundisha watoto wake, na wavuvi wengi wa mto Lualaba hufanya hivyo hivyo, wala hawakosei.

“Weye haugonge?”

“Yaya,” Mado alimwita kaka yake, “hapa hatugonge tena.”

“Baba alikuwa anagonga.”

“Yaya, nakuomba...”

Florentin akagonga ubavu. Ko, ko, ko.

Vichwa sita vilizama. Cha saba, cha yule jike, kiligeuka, na maji yakavimba yakija moja kwa moja kwao. Mama Kavuo alishika mbao kwa mikono miwili akimwita Bikira Maria. Florentin aliinua kafi apige maji.

“Weka chini!” Mado hakuwahi kumtolea mkubwa wake sauti ile. Ilikuwa ndogo, lakini ilimzuia. “Usitikisike. Tunyamaze wote.”

Alilaza kafi lake magotini, akatia mkono majini na kuuacha humo. Mtumbwi ukaelea wenyewe. Jike alitokeza hatua moja tu kutoka kwa Florentin, kichwa kizito, ndevu zinadondosha maji, akapumua na kumlowesha uso mzima. Alimtazama. Kisha akamwacha, akamtazama Mado kwa muda mrefu. Mado alimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama siku zote. Hakuna mnyama mzuri kama yule! Jike akashuka polepole, mapovu yake yakapita chini ya mtumbwi hadi upande wa pili.

“Anakujua,” Florentin akasema, akijipangusa uso.

“Wakati wa vita waaskari walikuwa wanapiga viboko na bunduki, juu ya nyama. Vilikuwa zaidi ya makumi mbili. Akabakia yeye moja na mutoto wake, akakuja kujificha hapa.” Mado alielekeza kidevu kwenye kisiwa. “Na siye tulikuwa pale. Mimi na mama, miaka mbili. Kafi ikigonga mutumbwi, waaskari wa ng'ambo wanasikia. Njo maana niliivalisha kitambaa. Huyu alituzoea hivyo, bila sauti. Mpaka leo muti ikigonga muti, kwake njo bunduki.”

Siku ya kwanza ya vita vile Florentin alikimbilia Obokote, kisha Kisangani, bila kugeuka nyuma. Jambo hilo hakuna aliyewahi kulitaja, na Mado hakulitaja hata sasa. Florentin alitazama tu kile kitambaa.

“Njo ile ile?”

“Hapana, Yaya. Ile ya kwanza ilikuwa kitenge ya mama. Nilimuzika nayo, pale.”

Tai alilia juu ya mti wake, viboko wakarudi mmoja mmoja kupumua. Florentin alitoa leso mfukoni, akaizungusha kwenye shingo ya kafi la baba yao, akaifunga vibaya kwa sababu macho hayakuwa yanaona sawasawa. Mama Kavuo alilipokea kafi akalipeleka nyuma. Mado akaifungua leso, akaifunga upya, mafundo mawili, akalirudisha.

“Na mashini ya Alain?” aliuliza.

“Aipeleke ku Lualaba,” Florentin alisema kwa kunong'ona, na hakuna aliyekuwa amemwambia anong'one.