Kilo Kumi na Tisa

Jirani yao, fundi cherehani, anaapa kwamba moshi wa kituo cha afya ulimfuata yeye. Anasema juzi alianika gauni la bibi harusi, jeupe pe, na moshi ulikuwa unakwenda zake upande wa shule. Ukafika kwenye kona, ukasimama, ukageuza shingo, ukarudi moja kwa moja mpaka kwenye kamba yake.

"Nimeanua gauni la kijivu! Na mwenyewe anakuja kesho kulijaribu. Nimwambieje, kwamba ndiyo fasheni?"

"Mwambie limepitia kwa daktari," alisema mama yake Dada Ndoo kutoka kitandani, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi.

Dada Ndoo hakucheka. Jina hilo alipewa na wauguzi wa kituo, maana ndiye aliyefagia wodi zote, akamwaga ndoo zote na kuchoma taka zote. Kwa hiyo moshi ulikuwa wake. Alimshika mama mgongo mpaka kifua kikatulia. Kando ya mlango ulikuwepo mfuko wa nguo za mama, umeshafungwa.

"Mwanangu, nilishasema. Ikifika Jumapili bomba halijasimama, nakwenda kwa mama yako mdogo. Huko nitakohoa kwa raha zangu."

Bomba la moshi la tanuri la kuchomea taka liliangushwa na upepo mwaka juzi. Tangu siku hiyo moshi hautoki juu, unatoka ubavuni, usawa wa dirisha lao. Dada Ndoo aliomba bomba mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua. Ya pili, barua haina muhuri. Ya tatu, mwenye muhuri yuko likizo.

Alipofika kazini asubuhi hiyo alikuta semina. Kitambaa kirefu kimetundikwa mbele ya jengo: AFYA BORA, MAZINGIRA SALAMA. Jenereta inanguruma uani ili picha zionekane ukutani. Kila daktari na kila muuguzi amewekewa chupa mbili za maji za plastiki, na chakula cha mchana kinasubiri kwenye maboksi ya kutupa. Yeye aliambiwa aokote vikombe vya chai. Akaviokota polepole sana, ili asikie.

Mkufunzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani na kicheko cha karibu. Alieleza jinsi joto linavyozidi mwaka hadi mwaka, visima vinavyokauka, watoto wanaoletwa wamelegea kwa kuharisha.

"Na sisi tunaowatibu tunachangia," alisema. "Umeme tunaoacha unawaka, dawa zinazoharibika stoo, taka tunazochoma. Haya, kituo chenu kinachoma kilo ngapi kwa siku?"

"Tatu," alisema daktari mkuu bila wasiwasi.

"Mbili na nusu," alisema Sista Mkuu, ambaye hakutaka kumzidi bosi.

"Kumi na tisa." Sauti ilitoka nyuma, kwenye vikombe. Vichwa vikageuka. "Jumatatu huwa ishirini na tatu. Samahanini."

"Umejuaje, dada?" mkufunzi aliuliza.

"Napima. Tanuri likilishwa zaidi ya kilo tano kwa mara moja linakabwa. Ile mizani ya kuning'iniza watoto, mlipoleta mpya, nikaichukua mimi."

Mkufunzi akafunga kompyuta yake. "Inukeni. Twendeni tukaone."

Nyuma ya jengo, maboksi ya sindano yaliwekwa kando, hayakuguswa. Dada Ndoo alivaa glavu nene, akamwaga mfuko wa jana juu ya turubai, akashika kibano kirefu na kuanza kuchambua.

"Bandeji, ichomwe. Pamba ya damu, ichomwe. Karatasi ya biskuti..."

"Hao ni watu wa maabara hao!" mtu akapiga kelele.

"Gazeti. Fumbo limejazwa nusu." Wote waliujua ule mwandiko wa kulala. Daktari mkuu akatazama mawingu. "Boksi la keki."

"Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa," alisema Sista Mkuu.

"Hongera, Sista. Mshumaa wako nao huu hapa."

Walicheka mpaka muuguzi mmoja akaegemea ukuta. Walipopima, taka za hatari hasa zilikuwa kilo nne kati ya kumi na tisa.

"Sasa kwa nini vyote viingie ndoo nyekundu ya taka za hatari?" mkufunzi aliuliza.

Dada Ndoo ndiye aliyejibu. "Ndoo nyeusi za taka za kawaida tunazo, lakini ndizo tunazohifadhia maji. Yakikatika, zisipokuwepo hizo hatuoshi hata mikono." Akaweka kibano chini. "Mama yangu anatibiwa kifua hapa hapa. Mlango wa mbele Sista anampa dawa, mlango wa nyuma mimi namfukiza."

Hakusema kwa hasira, lakini vicheko vilikatika.

"Leo mwalimu wenu ni huyu," alisema mkufunzi. Wakapiga makofi. Daktari mkuu alipiga marefu kuliko wote. Sista Mkuu yeye alikwenda stoo, akarudi amekumbatia makatoni matupu, moja kwa kila wodi, ameandika kwa kalamu nene: KARATASI NA KEKI.

Saa tisa vikagawiwa vyeti. Cha Dada Ndoo hakikuwepo, maana wafagiaji hawakuwa kwenye orodha. Wakajipanga juani chini ya kitambaa, na daktari mkuu akampa Dada Ndoo simu yake apige picha.

"Wewe una mkono mtulivu. Hakikisha kitambaa kinaonekana."

Kitambaa kilionekana. Nyuma yake, kwenye pembe ya jengo, lilionekana tanuri na tundu jeusi la ubavuni, na ng'ambo ya ukuta dirisha lao na kamba ya fundi, gauni limefuliwa na kuanikwa tena.

"Sogeeni. Vizuri. Meno yaonekane," alisema. Wakainua vyeti. Daktari mkuu akavuta tumbo ndani. "Daktari, bomba litasimama kabla ya Jumapili?"

"Piga picha kwanza."

"Nitapiga. Kabla ya Jumapili?"

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hakikushuka. Sista Mkuu alibana kicheko. Mkufunzi akageuka kumtazama daktari, kisha wakageuka watu wa maabara, kisha wauguzi, mmoja mmoja, mpaka wote wakawa wamegeuka. Daktari mkuu peke yake alibaki anaitazama simu, tabasamu lile lile, jasho linamtiririka shingoni, tumbo bado limevutwa ndani.