Habu ya Mbele ya Optatus

Watu wa Masasi wananisema. Eti Yunusi fundi baiskeli ana roho mbaya. Waseme! Mdomo ni mali yao.

Optatus alikuja kibandani kwangu akitokea Newala. Alitaka habu ya gurudumu la mbele, kile kitovu kinachoshika spoki, imara kupita zote, maana alikuwa anampeleka mama yake, Bi Agatha, Lukuledi, bibi akamwone dada yake mgonjwa. Gari linamtapisha yule bibi, hivyo angekaa kwenye keria, na kutoka Newala lazima uteremke mlima.

Nikamwekea mbili. Moja ya chuma, kuukuu, nimeitoa kwenye baiskeli ya marehemu baba yangu. Nyingine mpya, inang'aa.

"Chukua kuukuu," nikamwambia. "Hiyo nyingine bati tupu. Itakumwaga mteremkoni wewe na mama yako."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi Myao, yeye Mmakonde. Watani sisi, hatujawahi kuambiana neno la kweli. Mwezi uliopita nilimwambia nyumba yake inaungua, akapiga pedali mpaka kijiji cha Mnyambe ndipo akashtuka kuwa ni utani.

"Wayao bwana! Unataka kuniuzia mabaki ya maiti," akasema. "Babako mwenyewe kafa kwa ubahili."

Utani huo, najua. Lakini arobaini ya baba tulikuwa tumeisoma juzi tu, na neno lile lilinichoma. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, ndugu yangu, hapa sitanii. Sikumshika. Nikaifunga ile inayong'aa kwa mikono yangu, nikakaza nati.

"Haya, kafe salama," nikamwambia. Akacheka tena.

Alhamisi wakateremka. Kwenye kona ya pili sikio la habu lilichanika, spoki zikachomoka, gurudumu likajikunja. Bi Agatha alikufa palepale. Optatus akavunjika nyonga.

Nilikwenda kumwona hospitali. Akaning'ang'ania mkono, machozi yanamtiririka.

"Yunusi, siku ile ulikuwa unatania, sivyo? Sema ulikuwa unatania, nikuchukie wewe, nisijichukie mimi."

Neno moja tu lingemtosha. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Sikuwa natania," nikasema. "Nilikuambia kweli, ukacheka."

Akauachia mkono wangu. Akajifunika shuka usoni, akaanza kumwomba mama yake msamaha kwa sauti, wodi nzima inasikia. Nami nikavuta kiti, nikamsikiliza mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.