Doa la Paja la Kulia

Aliyebuni pikapu ndefu, zile zinazowatazama watu utosini, hakika hakuwahi kufungua boneti asubuhi na mapema huku nyonga inamuuma. Angewahi, angezishusha. Mzee Oili alikuwa na hakika na jambo hilo, na kila alipoingia kwenye yadi ya kampuni ya kusimika nguzo za umeme alimpelekea mtu huyo asiyemjua salamu za kimoyomoyo, wala hazikuwa salamu za heri.

Kazi yake ilikuwa kupima oili ya magari kabla hayajatoka. Anafungua boneti, anachomoa stiki, anaifuta pajani, anairudisha, anaichomoa tena, anasoma alama. Imepungua, anaongeza. Akimaliza anautundika ufunguo wa gari hilo kwenye msumari wake, ukutani mwa stoo. Hapakuwa na sahihi wala maswali. Ufunguo ukiwa msumarini, gari limepimwa. Ukiwa mfukoni mwa Mzee Oili, bado. Madereva walikuja, wakachukua funguo zao, wakaondoka.

Zamani magari yalikuwa ya kimo cha binadamu. Kisha yakauzwa moja moja, zikaletwa hizi ndefu, kwa sababu njia za milimani zina mawe makubwa. Boneti ilimfika Mzee Oili kidevuni. Mbele zilifungwa ngao ya chuma inayomzuia mtu asisogee karibu, na stiki yenyewe imezamishwa huko nyuma karibu na kioo, kana kwamba waliificha isiibiwe. Mtu mfupi hana budi apande kwenye bampa, alaze tumbo juu ya injini, anyooshe mkono mpaka bega lilie. Mwanzoni aliweza. Alikuwa anajirusha juu kama kijana, anashuka anahema, anajifanya anakohoa.

Siku moja mguu ukateleza. Akabaki ananing'inia kwa tumbo, kichwa ndani ya injini, miguu inapiga hewa, mkanda wa suruali umenasa kwenye komeo la boneti. Alimsikia mlinzi akipiga mluzi getini na hakuthubutu kumwita. Alijipinda huku na huku, hatimaye mkanda ukaachia, akaangukia nyonga ileile mbovu. Alikaa chini akiegemea tairi mpaka machozi yakakauka. Hakuna aliyemwona.

Mtu mwenye akili zake angesema, si aombe ngazi? Lakini wiki hiyohiyo msimamizi alikuwa amemwondoa mchomeleaji kazini baada ya kumwona akishika ukuta ili asimame. Alimwondoa kwa upole kabisa. "Mzee wangu, mwili umekataa, usiulazimishe," alimwambia, akampa mkono, basi. Mzee Oili aliyashuhudia hayo kwa macho yake. Kwake yeye, kuomba ngazi na kuaga vilikuwa kitu kimoja. Nyumbani kulikuwa na mkewe, na kulikuwa na wajukuu walioletwa wakae kwa muda na muda wenyewe haukuisha. Na zaidi ya hayo yote, alikuwa haijui asubuhi isiyo na kazi. Angeamka aende wapi?

Basi akaanza kuinama badala ya kupanda. Alichungulia uvunguni mwa gari; asipoona tone la oili chini, alijisemea kuwa mambo ni shwari, akatundika ufunguo. Mara ya kwanza aliutundika, akauondoa, akautundika tena. Baadaye akazoea, na hilo la kuzoea ndilo lililomchosha kuliko kupanda. Alirudi nyumbani hoi bin taabani bila kufanya kitu.

Gari lililomnyima usingizi lilikuwa jeupe. Hilo lilikuwa halivuji hata tone, lakini linakunywa oili kimyakimya, na taa yake ya onyo haikuwaka tangu lilipofika pale. Dereva wake alikuwa mwanamke, wenzake walimwita Mama Pacha kwa sababu ya watoto wake wawili waliozaliwa siku moja. Yeye ndiye aliyepeleka mafundi milimani, wamejazana nyuma na nyaya zao, kwenye barabara ambayo upande mmoja ni ukuta wa mwamba na upande wa pili ni hewa tupu.

"Shikamoo, Mzee wangu," alikuwa akimwambia kila asubuhi, huku akichukua ufunguo. "Mimi nikiukuta hapa msumarini, roho yangu inatulia."

"Marahaba, mwanangu. Safari njema."

Na roho ya Mzee Oili ilikuwa inakwenda naye mpaka milimani, na kurudi naye jioni.

Nyumbani, mkewe alikuwa amelalamikia doa la paja la kulia tangu walipooana. Lilikuwa hapo kwenye kila suruali, mstari mweusi tii, mahali alipofutia stiki. Mama huyo alilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa matusi. Sasa jioni moja alimwekea mumewe maji ya kuoga, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba watoto, siku hizi suruali zako zinarudi safi. Umepewa ofisi?"

Mzee Oili akacheka kicheko kirefu kuliko kilivyostahili. "Nimepata kitambaa cha kufutia. Si ulikuwa unanisema kila siku?"

"Haya," mkewe alisema. Hakuongeza neno, na huyo mama si mtu wa kutoongeza neno.

Kesho yake Mzee Oili aliingia stoo, akafungua dumu, akachovya kiganja kwenye oili na kujipiga pajani. Alifika nyumbani akitanguliza paja hilo. Alikula vizuri siku hiyo, masikini.

Jioni iliyofuata mkewe akamwita uani. Alikuwa amesimama juu ya stuli yake ya mbao, kwa kuwa naye ni mfupi, na kamba ya nguo mwanawe mrefu aliifunga juu kabla hajahama, akawaachia. Mkononi alishika suruali imelowa.

"Hili doa limetoka kwa maji ya kwanza," alisema.

"Si vizuri?"

"Baba watoto, usinichezee shere. Oili uliyokuwa ukiniletea ilikuwa imetoka kwenye injini, nyeusi, haitoki hata uipigie magoti. Hii ilikuwa ya manjano, kama mafuta ya kukaangia. Na ilikuwa na alama za vidole." Alishuka kwenye stuli taratibu, akaja kumkabili. "Hii hujaifuta kwenye stiki. Umejipaka."

Mzee Oili akatafuta uongo mwingine akaona akiba imekwisha.

"Hupimi tena," mkewe alisema.

"Sifiki, mama. Nyonga haipandi."

"Tangu lini?"

Mzee Oili akaishika nyonga. Mkewe akakaa juu ya stuli, suruali imelowesha magoti yake, na ndani wajukuu wakasikika wakigombania kijiko.

"Yule mwenye mapacha uliyenisimulia," mama alisema, "kesho anapanda?"

"Anapanda."

Mama aliinuka, akaichukua stuli, akaiweka miguuni pa mumewe. "Jikaze kisabuni," alisema, lakini sauti yake haikuwa ya utani.

Asubuhi Mzee Oili aliingia yadi na stuli begani. Alikuwa amewahi, lakini madereva nao waliwahi kwa ajili ya safari, na walikuwa wameegemea ukuta wakinywa chai.

"Jamani, Mzee Oili amekuja kuanika nguo!" mmoja akapaza sauti, wakaangua kicheko.

Naye angecheka siku nyingine. Aliisimika stuli ubavuni mwa gari jeupe, akafungua boneti, akapanda kwa goti moja, kisha la pili, akisikia nyonga ikimchoma mpaka kwenye meno. Alilala juu ya madigadi, pale juu ya tairi. Alinyoosha mkono. Akachomoa stiki na, kwa mazoea ya maisha yote, akaifuta pajani kabla ya kuitazama.

Suruali ikabaki safi.

Aliirudisha stiki, akaichomoa tena. Ncha yake ilikuwa kavu. Gari hilo jana yake lilishuka kutoka milimani na watu nyuma.

Mama Pacha alikuwa amefika chini ya stuli. "Shikamoo, Mzee. Ufunguo wangu siuoni msumarini."

Mzee Oili alishuka. Angeweza kumimina oili na kunyamaza. Dumu lilikuwa pale pale, na hakuna ambaye angejua zaidi ya mkewe. Alimpa stiki mkononi.

"Halina kitu," alisema. "Wala sijalipima siku nyingi. Sijapima hata moja, mwanangu. Nilikuwa natundika tu funguo."

Kicheko ukutani kilikatika. Mama Pacha aliitazama stiki, akaipitisha kwenye kidole, akakitazama kidole. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ndogo.

"Wanangu wana mzazi mmoja tu, Mzee. Unalijua hilo."

"Najua."

"Na ulikuwa unaniambia safari njema."

Hakuna tusi aliloliogopa Mzee Oili ambalo lingemfika pale maneno hayo yalipomfika. Alifunika uso kwa mikono.

Msimamizi akaitwa. Alisikiliza, akakuna kichwa, akauliza kwa upole uleule, "Lakini Mzee, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniacha kazini?"

Msimamizi akampa mkono. Kisha akamwambia anaweza kwenda nyumbani.

"Nitakwenda," Mzee Oili alisema. "Nimalize haya kwanza."

Akayapima yote, gari baada ya gari, na kila alipopanda Mama Pacha alikuja kushika stuli isiyumbe. Hakumsemesha wala hakumtazama. Aliishika tu kwa mikono miwili mpaka ufunguo wa mwisho ukaning'inia msumarini.

Mkewe alikuwa uani alipomwona akiingia saa ambazo si zake, akichechemea. Kabla ya uso alimtazama paja. Lilikuwa jeusi tii, kutoka nyonga mpaka karibu na goti.

"Gari limeenda?" aliuliza.

"Limeenda. Limejazwa oili, limeenda."

"Na wewe?"

"Mimi nimerudi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Alitazama nyuma ya mumewe, kisha begani kwake. "Na stuli yangu?"

"Nimeiacha. Huyo atakayekuja naye anaweza kuwa mfupi."

"Nami nitaanikaje?"

Mzee Oili alitazama kamba kule juu, imekazwa kati ya ukuta na nguzo, juu ya vichwa vyao wote wawili, miaka yote hiyo.

"Nitakushushia," alisema. "Nafasi ninayo."

"Haya," mkewe alisema, akanyoosha mkono. "Vua hiyo suruali kwanza, kabla doa halijakauka."