Nukta Kwenye Daftari la Soko

Binti alirudi na daftari la ofisi kwapani, akaketi, akachonga penseli. Hata chai hakuigusa. Akaanza kutia nukta ndogondogo pembeni mwa majina ya watu walioomba vibanda katika soko jipya la serikali.

"Nukta za nini hizo, mwanangu?" mama yake akauliza.

"Bosi kaniambia niwatie alama wa kwetu. Wanaosali nasi. Hao ndio watakaopewa."

Bosi huyo ndiye pia aliyewaongoza ibada. Mama mwenyewe ndiye aliyemfuata baada ya sala, akamwomba ampatie binti yake kazi ya ukarani. Basi kwanza alifurahi. Miaka sita ameuza mboga chini, kwenye jua na mvua, na jina lake lilikuwa na nukta. La fundi viatu, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, halikuwa nayo.

"Na mjomba wako fundi?"

"Si wa kwetu, mama."

"Aliyekubeba mgongoni hadi hospitali, mimi sipo, leo si wa kwetu?"

"Sheria sikutunga mimi."

"Sheria gani ya penseli?"

Akaingia jikoni, akafunua sufuria, akaifunika, akatoka tena.

"Huyu akihamishwa kesho," akasema, "akaja bosi wa dini nyingine, si atalikuta daftari? Atatujua mmoja mmoja. Na mkono ni wako wewe. Futa!"

"Nitafukuzwa. Na wewe utakosa kibanda."

"Anza na jina langu."

Binti alifuta huku machozi yakimlengalenga, mpaka karatasi ikachakaa.

Asubuhi mama hakumwacha aende peke yake. Bosi alifungua daftari, akakunja uso.

"Nani kafanya hivi?"



"Mimi ndiye niliyemwambia binti afute," mama akajibu.

"Wewe? Muumini wangu?"

"Kwenye ibada, kiongozi wangu, ukisema tupige magoti napiga. Lakini hapa umekalia kiti cha serikali, na serikali ni yetu sote."

Bosi akalifunga daftari taratibu. "Haya. Mchukue binti yako, akapumzike nyumbani. Na kibanda kitafute huko kwa serikali yako."

Nje ya chumba cha bosi, ukumbini, watu walijaa kwenye mabenchi wakingoja kuitwa, fundi viatu akiwa katikati yao.

"Karani, leo kazi imeisha kabla ya chai?" akatania. "Au umeshakuwa bosi?"

Binti hakucheka. Alimshika mama mkono. "Twende nyumbani, mama. Tafadhali."

Mama alipiga hatua mbili kuelekea mlango wa kutokea, akasimama. Aliwatazama: wa kwao, wasio wa kwao, wote wamekumbatia fomu zilezile.

"Jamani," akasema, kwa sauti ileile anayouzia mboga, "kabla hamjaitwa, waambieni wawaonyeshe daftari, mwone majina ya nani yalitiwa nukta na ya nani hayakutiwa."

Nyuma yake, mlango wa bosi ulifunguliwa.