Upande wa Pili wa Cherehani

Katika kiwanda kile cha kushona sare, hakuna aliyemweza Kinanda kwa maneno. Jina walimpa wenzake, kwa sababu ukimgusa tu anatoa sauti. Alishona kola kutwa nzima, mdomo na sindano vikienda sambamba. Akikurushia kijembe asubuhi, maana yake unaipata jioni ukiosha vyombo, na hapo ndipo kinapouma. Basi lilipobandikwa tangazo kwamba anayetaka usimamizi wa laini ya ushonaji ajifunze kwanza Kiingereza, maana wanunuzi wa nje hawajui lugha nyingine, Kinanda alicheka.

"Maneno?" alisema. "Huko ni kwetu."

Darasa lilikuwa stoo ya vitambaa, saa ya chakula cha mchana, wanafunzi kumi na wawili wamekaa juu ya majora. Mwalimu wao alikuwa mama mkaguzi, yule mwenye mkasi shingoni, ambaye kila shati lilipita mikononi mwake kabla ya kuingia boksini. Alifundisha kama alivyokagua.

"Sentensi ni kama pindo," aliwaambia siku ya kwanza. "Nikiivuta, isifumuke. Na uongo siutaki. Ukisema una paka, nikija kwako nimkute paka."

Kinanda alishika upesi. Alijisemea huku akishona: hiki ni kitambaa, hizi ni kola, mimi ni fundi, leo ni Jumanne. Mwezi ulipokwisha aliweza hata kueleza alichofanya jana. Alijiona amefika.

Kisha likaja suala la mtihani. Mazungumzo ya dakika tatu, wawili wawili, kwa kura. Asiyezungumza na mwenzake, wote wawili wameanguka. Mama mkaguzi alitia vikaratasi ndani ya kopo la vifungo akalitikisa. Kinanda alichomoa chake, akakifungua, akakuta jina la mdogo wake.

Stoo nzima ikageuka kuwatazama wote wawili. Hao walikuwa dada wa tumbo moja na walishona laini moja, Kinanda kola, mdogo wake mikono, wamepeana migongo, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika bila hata salamu. Kisa kilikuwa cherehani ya mama yao. Mama alipofariki, Kinanda alikwenda na mkokoteni wiki ile ile akaihamishia kwake. Mdogo wake alipokuja kusema kwamba mama alimwachia yeye, Kinanda alimjibu mbele ya shangazi na majirani, akamjibu kwa ufundi wake wote, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mdogo wake alifunga mlango akaenda zake. Ukweli Kinanda aliujua, na alitaka kupatana na ndugu yake. Lakini kila ukweli ule ulipofika mdomoni, ulitoka umevaa mzaha.

"Nikubadilishie karatasi?" aliyekaa karibu naye alimnong'oneza.

"Ya nini? Mimi simwogopi mtu."

Walifanya mazoezi siku tano, kitabu kikiwa katikati yao. Kinanda alikuja na mishale yake, akakuta podo tupu. Kiingereza chake hakikuwa na methali wala mafumbo. Kilikuwa na ninacho, sina, hapa, pale, jana na leo, basi. Unaishi wapi? Unafanya kazi gani? Swali la sita kitabuni lilikuwa: una dada?

"Hapana," mdogo wake alijibu kwa Kiingereza, macho chini. "Sina dada."

Mama mkaguzi aligeuka. "Mwenye dada aseme anaye. Nilisema uongo siutaki."

"Basi nipe muda, mwalimu," alisema yule mdogo, sasa kwa Kiswahili. "Nikatazame kama ninaye."

Kinanda alikijua kijembe akikiona, na hicho kilimfika mfupani. Alishona mchana ule wote kimya, mpaka fundi mitambo akaja kumuuliza kama anaumwa.

Siku ya mtihani walikaa mbele, uso kwa uso, na meneja amekaa nyuma ya darasa. Kilichosemwa hapo chote kilisemwa kwa Kiingereza. Mdogo wake aliuliza kwa sauti ya kitabu: unaishi wapi, unafanya kazi gani. Halafu: una dada?

Jibu la kitabu Kinanda alikuwa nalo. Aliliacha.

"Ndiyo. Nina dada mmoja. Ni mdogo. Yuko hapa. Mama alimpa cherehani. Mimi nilikuwa chumbani. Nilisikia. Niliichukua. Nilisema uongo."

Hakutia nakshi, kwa sababu kwa lugha ile hakuwa nayo. Mdogo wake alikifunga kitabu.

"Cherehani iko wapi?"

"Iko nyumbani kwangu."

"Ni nzima?"

"Ni nzima. Ninaitia mafuta kila Jumapili."

"Unaitumia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Si yangu."

Dakika tatu zilikuwa zimepita zamani. Mama mkaguzi aliifunika saa yake kwa kiganja mpaka waliponyamaza wenyewe, kisha akaandika alama za wote wawili.

"Pindo hilo nimelivuta," alisema. "Halifumuki."

Kinanda alitoka haraka. Alikuwa amefika kwenye mabomba ya kunawia aliposikia viatu nyuma yake.

"Simama hapo," mdogo wake alisema. "Kiingereza nimekisikia. Sasa nirudie kwa Kiswahili."

Kinanda alifungua mdomo. Maneno yalimjia yote kwa mkupuo, methali, mizaha, visingizio vya kila aina, kila moja likitaka kutangulia. Aliyaacha yapite.

"Mama alikupa wewe," alisema. "Nilisikia, nikakuibia, halafu nikawachekesha watu juu yako. Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake alijifuta uso kwa mgongo wa mkono, manyoya ya nyuzi yakambaki shavuni.

"Jumamosi nakuja na mkokoteni," alisema.

"Njoo na watu wawili. Chuma kile si mchezo."

"Nakuja peke yangu. Upande wa pili utashika wewe, dada."