Picha Namba Hamsini na Tatu

Onesmo alikuwa tabibu katika kituo kimoja cha afya upande wa Bugarama, na kwa miaka miwili alikuwa akikusanya picha za vifua. Thelathini zilikuwa za wanaume wanaosaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha, zile mashine za kupondea mawe. Wengi wao walikuwa wamekunywa dawa za kifua kikuu bila kupona, ingawa makohozi yao hayakuwahi kuonyesha ugonjwa huo. Thelathini nyingine zilikuwa za walimu na wauza maduka, watu wasiowahi kugusa kazi ya vumbi, ili kulinganisha. Alitaka kuonyesha kwamba kinachowamaliza wasagaji ni vumbi lenyewe la mawe. Kongamano la magonjwa ya kifua lilikuwa linapokea muhtasari wa tafiti mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Picha zilisomwa na Dokta Mariana, huko Shinyanga mjini. Alipewa namba tu, bila majina, wala hakujua nani yuko kundi gani.

Majibu yake yakaja Ijumaa hiyohiyo asubuhi. Onesmo akafunga mlango, akaanza kuoanisha namba na orodha yake. Wasagaji ishirini na wawili walikuwa na mapafu yaliyoharibika. Kwa kundi la pili alitarajia watu thelathini salama. Akawakuta ishirini na tisa. Mbele ya namba hamsini na tatu Dokta alikuwa ameandika: madoa sehemu ya juu, mapafu yote mawili, inaelekea ni vumbi la mawe, mhusika aitwe haraka.

Hakuhitaji kuangalia orodha. Siku ya kupiga picha mwalimu mmoja hakutokea, na Onesmo, asitake nafasi ipotee, alivua shati akasimama mwenyewe kwenye mashine. Kwenye fomu, palipoulizwa kama mhusika amewahi kufanya kazi ya vumbi la mawe, alijaza hapana. Alijaza bila kusita, maana kwa miaka kumi na minne alikuwa amemwambia kila mtu, hata mkewe, kwamba kabla ya kwenda chuo alikuwa muuza duka Geita. Ukweli ni kwamba alisaga mawe miaka minne, yeye na rafiki yake Mayala, mtu wa Ushetu, wamejifunga vitambaa puani. Mayala alikuwa amezikwa mwaka mmoja uliopita. Miezi ya mwisho hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea gunia la mpunga, na kila neno alilivutia pumzi.

Onesmo alifungua mlango. Nje wagonjwa walikuwa wanasubiri, akawaita mmoja mmoja, na alipoweka kipimo cha kusikilizia kwenye mgongo wa mama mmoja hakusikia chochote ila moyo wake mwenyewe ukigonga masikioni. Alipomaliza akarudi kwenye kompyuta, akafuta maneno ya Dokta, akaandika neno moja: salama. Thelathini kwa thelathini. Muhtasari ukawa hauna kasoro.

Hakuutuma. Alikuwa bado anaukodolea macho pale Dokta Mariana alipopiga simu. Onesmo akamwamkia, naye akaitikia upesi, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake.

"Huyo wa hamsini na tatu umempata?"

"Nimempata."

"Ni msagaji?"

"Aliwahi kuwa. Zamani."

"Anahema akipanda mlima?"

Tangu masika Onesmo alikuwa akisukuma baiskeli yake kwenye kilima cha kituo kwa kusimama mara mbili, na kila mara alijiambia ni uzee unapiga hodi. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

"Dokta," akasema, "namba hamsini na tatu ni mimi."

Dokta Mariana hakumpa maneno ya kumliwaza. Alimwambia ajiondoe kwenye kundi, aandike wazi sababu, kisha Jumatatu aende Shinyanga kupimwa makohozi na nguvu ya pumzi. Wako wanaoishi na madoa hayo miaka mingi, alisema, lakini vumbi asilisogelee tena, hata kwa kwenda kuwafundisha wengine.

Saa tisa na dakika arobaini Onesmo alituma muhtasari ukiwa na watu ishirini na tisa wa kulinganisha, na sentensi iliyosema mshiriki mmoja ameondolewa kwa kuwa alisaga mawe na hakusema.

Nyumbani alimkuta mkewe, Aneth, anachambua maharage. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Aneth alianza kukasirika kwa ajili ya lile duka, kwamba ameishi miaka kumi na moja na muuza duka ambaye hakuwahi kuwako. Halafu akaacha kuchambua.

"Baba Melania, Mayala alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kwa huuhuu."

Aneth akaweka ungo chini.

Jumatatu walikwenda wote Shinyanga. Kifua kikuu hakikuonekana. Nguvu ya pumzi ilikuwa imepungua, si sana, lakini kilichopungua hakirudi. Angepimwa tena baada ya miezi sita.

Mwezi uliofuata kongamano likajibu kwamba muhtasari umekubaliwa, na Onesmo azungumze dakika kumi mbele ya madaktari. Akaanza mazoezi sebuleni, Aneth akishika saa. Jumapili moja, dakika ya nne, akiwa anasoma idadi ya waliougua, pumzi ilimkatika katikati ya sentensi. Akashika mgongo wa kiti. Hakujua kama ni hofu au ni mapafu.

Aneth alisimamisha saa, akamngoja.

"Endelea pale ulipoishia," akasema.